Springi, Mpingo na Makali

Springi ya lori ikivunjika katika barabara za Newala na Masasi, mara nyingi huishia kwenye vyuma chakavu nyuma ya gereji. Hapo ndipo mhunzi huiokota, na hapo ndipo kisu bora cha jikoni kinaweza kuanza safari yake. Chuma hicho kina kaboni karibu asilimia 0.6 na kromi kidogo, kwa hiyo hukubali kukazwa kwa moto. Nondo ya kawaida haina uwezo huo.

Anayefua kisu kwa mapenzi tu, bila mteja wa kumharakisha, hukipasha chuma moto kwenye mkaa na kukifua juu ya fuawe mpaka kiwe chembamba. Halafu hukipasha tena na kukizika jivuni kipoe polepole usiku kucha. Asubuhi tupa inakila vizuri.

Uzuri wa kazi yote uko katika saa ya kukaza. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi, sumaku haikishiki tena. Mhunzi mzoefu husoma rangi ya moto akiwa kivulini, maana jua hulidanganya jicho. Hukiacha kipate moto zaidi kidogo, kisha hukizamisha katika mafuta yaliyopashwa, kwa kuwa maji huweza kukipasua. Kikitoka, tupa inateleza juu yake kama juu ya kioo. Lakini ugumu huo ni wa hatari: kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Ndiyo maana hurudishwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi, saa moja, mara mbili, hadi ubapa uliosuguliwa upate rangi ya majani makavu. Hatua hii haionekani kwa mnunuzi, nayo ndiyo inayostahili sifa kubwa kuliko zote.

Mpini una wenyewe. Wachongaji wa Kimakonde hubakiwa na vipande vya mpingo, mti uleule unaotengenezewa klarineti Ulaya. Mita moja ya ujazo ina kilo 1,200 hivi, kwa hiyo mpingo huzama majini. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, hivyo barakoa ni lazima.

Huko Msimbati, karibu na mdomo wa mto Ruvuma, upepo wa chumvi hauchelewi kuleta kutu. Baada ya kumpara samaki aina ya changu, mwenye kisu hukiosha papo hapo, hukikausha na kukipaka mafuta ya nazi. Kwa miezi kadhaa ubapa hugeuka kijivu chenye ubuluu, na kijivu hicho hupunguza kasi ya kutu nyekundu.