Konokono Kwanza, Samaki Baadaye

Tangi la maji ya chumvi la lita 90 halina nafasi ya kuficha kosa. Baharini kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huchukuliwa na mkondo; humu ndani hubaki pale pale, na samaki anayapumua. Ndiyo maana swali la mnyama yupi atangulie ni la kiufundi kabla halijawa la kupendeza macho. Tangi ninalolichambua liko kwenye sebule ya nyumba moja Mombasa, na nililifuatilia tangu likiwa kavu. Limesimama vizuri, na kwa maoni yangu siri yake haikuwa vifaa. Siri ilikuwa ni nani aliingia, nani alingojeshwa, na muda ule wa kungoja ulifanya kazi gani.

Maji yalichotwa baharini wakati wa maji kujaa, mbali na midomo ya mito, kabla masika hayajaanza. Mvua kubwa zikianza, maji ya ufukweni hupungua chumvi na kubeba taka za mjini. Mawe yalikuwa makavu, hayakung'olewa kwenye mwamba ulio hai. Kisha kipande kidogo cha kamba wa sokoni kiliachwa kioze humo. Kikioza hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, lakini ni chakula cha bakteria tunaowahitaji. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Makundi hayo hukua polepole, kwa kawaida wiki nne hadi sita.

Wengi hupima mara moja, wakaona amonia ni sifuri, wakakimbilia dukani. Sifuri peke yake haisemi kitu, kwa sababu hata maji ambayo hayajawahi kutiwa uchafu husoma sifuri. Kipimo cha kweli ni kuyapa maji kazi: tia amonia safi isiyo na sabuni hadi ifike miligramu 2 kwa lita, halafu uangalie kesho yake. Ikiwa amonia na nitriti zote zimekwisha ndani ya saa 24, bakteria wapo na wanatosha. Nitriti yenyewe haiwadhuru sana samaki wa baharini, kwa kuwa kloridi iliyo kwenye chumvi huizuia isiingie mwilini kupitia matamvua. Tunaipima kwa sababu inatuonyesha kama kundi la pili la bakteria limeshaamka.

Joto ndilo lililopunguza idadi ya wanyama kuliko kitu kingine chochote. Vitabu vingi vya ufugaji huu huandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, vikazungumzia hita. Mombasa shida ni kupoza. Feni ndogo ilielekezwa juu ya maji ikayashusha hadi nyuzi 27, lakini feni huongeza uvukizi, na maji yanapovukiza chumvi hubaki. Kila jioni ilibidi maji matamu yaongezwe hadi kwenye alama iliyochorwa kwenye kioo. Na kwa vile maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, hesabu iliishia kwa samaki wawili wadogo. Wageni wa nyumba hiyo huliona tangi tupu. Mimi naliona limejaa.

Watoto wa nyumba walikuwa na chaguo lao: kangaja wa buluu aliyepata umaarufu duniani kwa filamu Finding Nemo ya 2003. Samaki huyu yupo hata kwenye miamba ya matumbawe ya pwani yetu, na muuzaji alikuwa naye mmoja wa urefu wa kidole.

“Mama, mchukue huyu, hana usumbufu.”

“Akikua je?”

“Akikua mlete, tutambadilisha.”

Mama wa nyumba alikataa, na alikuwa na haki. Kangaja huyo hufikia sentimita 30, na ni samaki wa kuogelea mwendo mrefu. Lita 90 kwake si makazi. Isitoshe, ahadi ya kubadilisha baadaye huacha tatizo mikononi mwa mnunuzi siku ambayo muuzaji hana nafasi. Nampinga vilevile yeyote anayeuza samaki msafishaji, yule mdogo wa mistari ya buluu anayewatoa wenzake vimelea, kwa mtu mwenye tangi jipya. Chakula chake kiko kwenye ngozi za samaki wengine, na humo samaki hao hawapo. Wasafishaji wengi hufa njaa huku chakula cha pakiti kikielea mbele yao.

Basi wakatangulia konokono. Maji yalipofaulu jaribio la amonia, mawe yalikuwa tayari yamepata utando wa kahawia wa diatomu, unaojitokeza karibu katika kila tangi jipya. Walihitajika walaji wake, ila wachache, kwani utando ukiisha konokono wengi hubaki bila chakula, wakafa na kurudisha amonia ile ile. Wale wa kwenye mawe ya ufukweni, rahisi kuokota, hawakuchukuliwa: wamezoea kupwa na kujaa, hivyo hupanda kioo wakatoka nje. Walichaguliwa wa jamii ya Trochus, wenye ganda la pia, kwa sababu wakianguka chali juu ya mchanga huweza kujigeuza. Aina nyingine hushindwa, zikafa pale pale.

Konokono hana njia ya kukabili badiliko la ghafla la chumvi. Duka lilikuwa umbali wa nusu saa, kwa hiyo maji ya mfuko yalikuwa bado safi, na palikuwa na nafasi ya kwenda polepole. Waliwekwa kwenye bakuli pamoja na maji yao, mrija mwembamba wa pampu ya hewa ukavuta maji ya tangi, ukapigwa fundo hadi yakadondoka matone mawili au matatu kwa sekunde. Bakuli lilipojaa mara tatu, kila mmoja aliwekwa kwa mkono juu ya jiwe, tumbo chini. Hakuna aliyetupwa ndani. Ukimtazama mmoja kwa karibu utaona anavyoyapokea makao mapya: kwanza kifuniko cha ganda hufunguka kidogo, kisha pembe mbili nyembamba hutoka kupapasa, halafu mguu unatandazika na kushika. Maji ya bakuli yalimwagwa nje.

Hapa ndipo ninapousifu mpangilio huu. Ugonjwa wa madoadoa meupe, unaosababishwa na kimelea Cryptocaryon irritans, huweza kusafiri ukiwa kama kifuko kilichoganda juu ya ganda la konokono. Kifuko hicho hupasuka baada ya siku chache au wiki kadhaa, na vimelea vinavyotoka hutafuta samaki. Visipompata, hufa ndani ya muda mfupi. Konokono wakiingia wiki sita au zaidi kabla ya samaki, tangi karibu lote hujisafisha bila dawa. Na dawa yenyewe, shaba, haiwezi kutiwa humo, maana huua konokono na hunaswa na mawe. Kungoja kule ambako watoto walikuona kama adhabu kulikuwa kunafanya kazi ya tiba.

Wiki hizo hizo samaki walikuwa karantini, kwenye tangi la pembeni lisilo na mchanga wala mawe, lenye vipande vya bomba la plastiki vya kujificha na sponji iliyolowekwa mapema kwenye tangi kuu ili ibebe bakteria. Walichaguliwa wawili wa jamii ya Amphiprion ocellaris, wale wa rangi ya chungwa na mistari mitatu myeupe, waliozaliwa kwenye matangi ya wafugaji. Pwani yetu ina ndugu yao, Amphiprion allardi, ambaye hapatikani ila magharibi mwa Bahari ya Hindi, lakini huyo hukua zaidi na ni mgomvi. Inauma kidogo kuagiza samaki kwa ndege kuja Kenya, nchi inayosafirisha samaki wa mapambo kwenda Ulaya na Marekani. Hata hivyo samaki mfugwa amezoea chakula cha pakiti na vioo tangu utotoni, na mwamba haukupunguziwa chochote. Sharti lake ni moja: asitolewe kamwe baharini, kwa kuwa hapa si kwao.

Mfuko wao ulikuwa umesafiri zaidi ya siku nzima, na mfuko wa namna hiyo haufanyiwi kama ule wa konokono. Samaki anapopumua ndani ya mfuko uliofungwa, kaboni dioksidi hujikusanya na pH hushuka, pengine hadi 7 au chini yake. Amonia nayo hujikusanya, lakini kwenye pH ya chini sehemu kubwa yake hukaa katika hali isiyodhuru. Fungua mfuko, hewa ile ikatoka, pH ikapanda. Kila pH inapopanda kwa 1, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Kumdondoshea samaki maji ya pH 8.2 kwa saa nzima huku bado anaogelea kwenye maji ya safari ni kumuunguza matamvua kwa jina la upole.

Kwa hiyo muuzaji wao aliulizwa mapema chumvi yake ni kiasi gani. Akajibu 1.020 kwenye haidromita. Wauzaji wengi hukaa chini ya ile 1.025 ya bahari. Maji ya karantini yakaandaliwa kwa kiwango hicho hicho. Mfuko ulielea ukiwa umefungwa, taa zimezimwa, hadi joto likalingana. Ulipofunguliwa, samaki walihamishwa mara moja kwa kikombe, na maji ya mfuko hayakuingia popote. Chumvi ilipandishwa baadaye, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, hadi ikafikia ya tangi kuu.

Wawili hao walikuwa wachanga na mmoja kamzidi mwenzake kwa mwili, jambo lililokusudiwa. Samaki hawa huzaliwa wote wakiwa na uwezo wa kuwa dume, na mkubwa wa kundi ndiye hugeuka jike. Ukinunua wawili wanaolingana watapigania nafasi hiyo. Hawa walielewana baada ya siku chache tu: mdogo akikaribiwa alilala ubavu na kutetemeka mwili mzima, ishara ya kukubali ukubwa wa mwenzake. Anemoni hakununuliwa: samaki mfugwa huishi bila yeye, naye anemoni anahitaji mwanga mkali na tangi lililokomaa miezi mingi.

Walipohamia tangi kuu chakula kilipunguzwa kwa wiki ya kwanza na amonia ikapimwa kila asubuhi, kwa kuwa bakteria waliozoea konokono walikuwa wameongezewa mzigo ghafla. Aliyefuata, baada ya vipimo kutulia, ni kamba msafishaji mmoja, Lysmata amboinensis. Naye alidondoshewa maji polepole kuliko hata konokono, kwani kamba anayeshtuliwa na chumvi huweza kujivua gamba kabla ya wakati wake, akabaki laini siku ambayo hajajua wapi pa kujificha. Pango dogo chini ya jiwe la nyuma lilikuwa limeachwa wazi kwa ajili yake tangu mawe yalipopangwa.