Nukta Nyekundu Juu ya Manga

Mwezi wa Februari, kabla ya mvua za masika, nyasi za ukingo wa Manga hukauka hadi zikalia chini ya kiatu. Ukisimama pale juu alasiri, mji wa Kisii ukiwa chini yako, utaona moshi kila upande: jiko la mama fulani, tanuri la matofali, mtu anayechoma takataka za shamba. Wazee wa huku wakiona moshi huuliza kwanza ni wa nani. Omorero, yaani moto kwa Kigusii, una mwenyewe mpaka utakapomtoroka.

Swali hilo huulizwa pia kutoka zaidi ya kilomita 800 angani, na jinsi linavyojibiwa hunistaajabisha. Setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa mwaka 2011, hupita juu yetu takriban saa saba na nusu mchana, kisha saa saba na nusu usiku. Kihisi chake cha VIIRS huitazama ardhi kwa miraba ya mita 375 kila upande. Mraba mmoja ni ekari 35 hivi. Kwa Wagusii, ambako ndugu wamegawana shamba mpaka chini ya ekari moja, humo mna nyumba nyingi, migomba, chai, mikaratusi na mabati, vyote vikisomwa kama joto la mahali pamoja.

Tazama ufundi wenyewe. Kitu kinachowaka hung'aa mno katika miali ya mikromita 4, ilhali ardhi iliyopashwa na jua hung'aa zaidi kwenye mikromita 11. Programu hupima zote mbili, kisha huuliza majirani: mraba huu umeizidi miraba inayouzunguka kwa kiasi gani? Kama eneo zima limepata moto, ni jua tu. Mng'ao wa jua lililoakisiwa hutupwa. Wingu likifunika, hunyamaza. Ndiyo maana naiheshimu kila nukta nyekundu katika FIRMS, ramani ya moto ya NASA: imetiliwa shaka mara nyingi kabla ya kukubaliwa.

Hata hivyo, nukta huchorwa katikati ya mraba, hata kama moto unawaka kwenye kona, zaidi ya mita 250 kutoka hapo. Nao ukianza saa tisa alasiri, jicho hilo halitauona hadi usiku wa manane.

Kazi ya karibu ni ya droni yenye kamera ya joto. Huruka kwa mistari, kwenda na kurudi kama mtu anayepalilia, picha zikipandana ili zishonwe ziwe ramani moja. Humo mstari wa moto hujitokeza: nyuma yake majivu yanayopoa, mbele nyasi zinazongoja. Lakini upepo huiyumbisha. Ikiwa mita 100 juu ikainama digrii 5 tu, kitovu cha picha huhama karibu mita 9. Kwa hiyo vihisi vidogo tumboni mwake hupima mwinamo huo bila kukoma, na programu hurudisha kila picha mahali pake, ikizingatia pia mwinuko wa ardhi. Mteremko wa Manga hauchoreki kama uwanja wa mpira, na moto huupanda mbio, kwa kuwa ndimi zake hukausha nyasi za juu kabla ya kuzifikia.

Mita 9 nyikani si kitu. Hapa ni umbali kutoka mwisho wa shamba hadi ukuta wa jikoni, na watu waliobeba matawi mabichi ya kupigia moto wanahitaji kujua wasimame upande upi wa ua.