Tai wa Jiwe na Dhahabu

Msomaji, uonapo chombo cha jiwe kilichopambwa kwa dhahabu, usiulize kwanza bei yake. Uliza kama dhahabu ile imelitukuza jiwe au imelifunika. Maana pambo lisilojua kazi yake ni kama mgeni anayemnyamazisha mwenyeji.

Mfano mwema ni Tai wa Suger, aliyehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Mwili wake ni gudulia la kale la pofiri, jiwe gumu la rangi ya zambarau, ambalo lilichimbwa katika milima ya jangwa, mashariki ya Misri. Gudulia hilo lilikaa miaka mingi sandukuni, bila kazi, katika abasia ya Saint-Denis, Ufaransa. Kabla ya mwaka 1147 Abati Suger alilitoa, akaagiza ligeuzwe kuwa ndege. Kwa fedha iliyopakwa dhahabu, masonara walifanya shingo na kichwa juu ya mdomo wake, mabawa ubavuni, na miguu na mkia chini.

Itazame hekima ya kazi hii. Tumbo la gudulia halikukatwa wala halikufichwa; ndilo kifua cha tai. Aliyeibuni hakutafuta mahali pa kubandika dhahabu, bali alimwona ndege amekwisha kaa ndani ya jiwe, akampa mabawa tu. Hapo pambo limetimiza wajibu wake.

Walakini, liko jambo la kulaumiwa. Maandishi ya Kilatini yaliyo juu ya chombo hicho hujisifu kwamba jiwe, kwa kuvikwa dhahabu na vito, limepata thamani ipitayo marumaru. Hesabu hiyo ni pungufu: imetaja jiwe na dhahabu, ikaisahau mikono. Pofiri haiitii patasi upesi. Hapana budi kusuguliwa siku nyingi kwa unga wa mawe makali. Nao masonara wa zama zile walipaka dhahabu iliyochanganywa na zebaki, wakaipasha moto hata zebaki ikatoka kwa mvuke, na mvuke huo ni sumu kwa auvutaye. Jina la abati limedumu; majina ya mafundi hayakuandikwa popote juu ya tai.

Basi, msomaji, kizuri chajiuza, lakini hakijitengenezi. Ukikisifu chombo, msifu na fundi, hata kama hulijui jina lake.