Ufundi wa Kuikwepa Barabara Kuu

Mwendesha baiskeli aliyefunga mizigo ya safari ndefu huenda kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Lori linalompita barabara kuu huenda 80, na likishuka mteremko huzidi hapo. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo iliyozaa kazi ya kupanga njia: kutafuta kilomita mia kadhaa ambazo mtu anaweza kuzimaliza kwa baiskeli bila kugeuza shingo kila dakika. Kofia ngumu na fulana ya kung'aa ni vitu vyema, lakini vyote viwili vinakubali kwamba lori lipo. Mpangaji wa njia humtoa msafiri mbele ya lori kabla hajaondoka nyumbani. Akifanikiwa, hapati shukrani yoyote, kwa kuwa anayeipita njia hiyo huona tu kwamba siku imekwenda vizuri.

Hakuna njia iliyochongwa bila sababu. Kuna za treni, za ng'ombe, za kubebea mkonge, za kufikia bomba la maji. Mpangaji huanza kwa kuuliza nani aliichonga, nani anaipita leo, na anaipita saa ngapi. Zilizo bora kuliko zote ni zile ambazo mwenyewe wa kwanza ameshaondoka, akaacha madaraja yake na mwinuko wake.

Reli ndiyo urithi mkubwa wa aina hii. Treni ya mizigo haipandi kilima kikali, kwa hiyo wahandisi wa karne ya 19 walikata vilima na kujaza mabonde ili tuta libaki karibu tambarare. Gharama hiyo kubwa ililipwa kwa ajili ya makaa na abiria, lakini anayeifaidi leo ni mtu wa kanyagio. Nchini Uingereza, baada ya ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963, maelfu ya kilomita za reli yalifungwa. Reli ya Midland kati ya Bristol na Bath, iliyofunguliwa mwaka 1869, iliacha kubeba abiria mwaka 1966. Mwaka 1977 wakazi wa Bristol waliunda kikundi kilichoitwa Cyclebag, na kati ya mwaka 1979 na 1986 tuta hilo likageuzwa kuwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu yenye kilomita 21. Pale Staple Hill njia huzama chini ya mji kwa handaki la mita 470 hivi. Msafiri huingia humo akitoka juani, ubaridi ukampokea, matone yakamdondokea begani, na sauti ya mnyororo wake ikamrudia kutoka kwenye matofali. Juu ya kichwa chake watu wanaendelea na shughuli zao za mjini, wala hawamjui.

Mto nao umeacha urithi wake. Kabla ya meli za mvuke, majahazi ya Danube yalipandishwa juu ya mto kwa kuvutwa na farasi waliotembea ukingoni, na farasi anayevuta jahazi hatafutiwi mlima. Sehemu kubwa ya njia maarufu ya baiskeli kutoka Passau hadi Vienna, kilomita 320 hivi, hufuata ukingo huohuo.

Ubelgiji ilichangia jambo la namna nyingine. Hugo Bollen, mhandisi wa migodi wa jimbo la Limburg nchini Ubelgiji, aliona kwamba njia tulivu za vijijini ni nyingi, ila mgeni hupotea kila zinapokutana. Migodini kila makutano yana namba. Alichukua desturi hiyo akaipeleka juu ya ardhi, na tangu mwaka 1995 msafiri wa huko huandika kwenye karatasi namba za makutano atakayoyapitia, kisha hufuata vibao kutoka moja hadi jingine. Katika ufundi wote huu ni vigumu kupata wazo lililo rahisi kuliko hilo.

Ramani za kidijitali zimeipunguza kazi ya mguu, ingawa hazijaimaliza. OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, huzigawa njia za mashamba katika madaraja matano, kuanzia ngumu iliyoshindiliwa hadi laini ya udongo na nyasi. Daraja hilo huwekwa na mtu wa kujitolea, pengine aliyepita wakati wa kiangazi. Takwimu za miinuko nazo zina mzaha wake. Nyingi zinatokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa kutoka chombo cha anga mwaka 2000, na rada huona uso wa nchi tu. Handaki huonekana kama mlima wa kupanda, na daraja refu kama korongo la kushuka na kupanda tena. Asiyelijua hilo huikimbia njia tambarare kwa kuogopa kilima ambacho hakipo.

Pwani ya Tanzania inaonyesha jinsi maswali haya yanavyofanya kazi pamoja. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga, barabara ya mabasi humpitisha Chalinze na Segera katikati ya malori ya kaskazini. Mpangaji huitazama pwani badala yake: Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga. Kipande cha Bagamoyo hadi Makurunge hakikwepeki, nacho kimo kwenye barabara ya lami ya Msata, ambayo magari huitumia kukata kona ya Chalinze. Hicho huwekwa alfajiri, kabla haijachangamka. Mbele ya Mto Wami iko Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, yenye tembo na simba. Hapo mstari uliochorwa mezani hauna mamlaka yoyote. Msafiri huuliza kwanza kwa wahifadhi kama baiskeli inaruhusiwa na kwa masharti gani, na jibu likiwa hapana, kipande hicho hupitwa ndani ya gari. Kule Pangani mto huvukwa kwa kivuko kati ya Bweni na mji, kwa hiyo siku hupangwa ili mtu asifike usiku akalala ng'ambo.

Upepo nao una neno. Kusi huvuma kutoka kusini katikati ya mwaka, na kaskazi hurudi mwishoni mwa mwaka kutoka upande wa pili. Manahodha wa majahazi walizipanga safari zao kwa pepo hizo, na mwenye baiskeli hana sababu ya kujifanya mjuzi kuliko wao: Tanga huendewa na kusi mgongoni, masika yakishapita. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga hushika tairi kama unga wa ugali, ukajaza nafasi kati ya gurudumu na uma mpaka baiskeli ikagoma hata kusukumwa. Kiangazi kikiingia, udongo huohuo hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na adui anakuwa mbigili anayetoboa tyubu. Kuna pia siku ya gulio. Njia inayopitwa na watoto wa shule na mbuzi siku sita za wiki hujaa pikipiki na magari ya mizigo siku ya saba. Siku hiyo haionekani kwenye ramani yoyote. Huulizwa dukani au kwa fundi baiskeli wa kijijini.

Ubora wa njia hupimwa mahali pake pabaya kuliko pote, ambapo aghalabu ni pale inapokatisha barabara kuu. Kilomita mia za utulivu hazimsaidii aliyefikishwa kwenye kona isiyoonwa na madereva. Mpangaji makini huongeza kilomita tatu ili kupita chini ya daraja, na akikosa namna huifuta njia. Mwaka 2020 shirika la Sustrans, lililotokana na kile kikundi cha Bristol, liliondoa au kubadili hadhi ya karibu robo ya mtandao wake wa taifa wa njia za baiskeli, kwa kuwa vipande hivyo vilipita barabara zenye magari mengi. Shirika lililoujenga mtandao kwa miongo kadhaa liliifanya kazi hiyo lenyewe.

Kwa sababu hiyo mchoro mzuri huandikwa tarehe. Barabara ya pwani ya Bagamoyo hadi Tanga imeingizwa kwenye mradi wa lami, na lami inapofika, wenye mabasi hawakawii kuifuata. Mpangaji hurudi mezani, akatafuta ilipoelekea njia ya mchanga iliyoachwa pembeni, na kama bado kuna anayeipita.