Visiwa vya Galápagos katika Kalamu za Wasafiri

Maandishi ya safari ni tawi la fasihi lenye hatari yake. Mtunzi wa hadithi husadikiwa kwa uzuri wa ubunifu wake, bali mwandishi wa safari husadikiwa kwa sababu alikuwako. Kwa hiyo dhima yake ni nzito, maana msomaji aliye mbali hana jicho jingine ila la mwandishi. Visiwa vya Galápagos, vilivyozaliwa na volkano katika bahari ya Pasifiki, kiasi cha kilomita 1,000 magharibi ya pwani ya Ekwado, vinafaa sana kuipima dhima hiyo. Kwa muda wa karibu miaka 500 vimeandikwa na wageni: vimelaaniwa, vimechunguzwa, na sasa vinasifiwa kwa bei.

Wa kwanza anayejulikana kuviandika ni Tomás de Berlanga, Askofu wa Panama. Mwaka 1535 chombo chake kilikosa upepo kikachukuliwa na mkondo hadi huko. Katika barua yake kwa mfalme wa Hispania alieleza nchi ya mawe matupu, makobe wakubwa, na ndege wasiojua kumkimbia mtu. Watu wake walishikwa na kiu hata wakatafuna mpungate ili wapate maji. Barua hiyo haina pambo, lakini ina nguvu, kwa kuwa mwandishi hakuwa na nafasi ya kupamba.

Charles Darwin alifika Septemba 1835, akakaa majuma matano. Kitabu chake cha safari, kilichotoka mwaka 1839 na kutengenezwa upya mwaka 1845, kina sifa mbili ambazo mhakiki hana budi kuzitaja. Ya kwanza ni kwamba Darwin hajifichi. Anasimulia jinsi alivyompanda kobe mgongoni, na jinsi alivyomtupa mjusi wa baharini majini mara kwa mara ili aone kama atarudi pale pale. Anakiri pia kwamba alichanganya ndege aliowakusanya katika visiwa mbalimbali, kabla hajatambua kuwa kila kisiwa chaweza kuwa na viumbe wake. Sifa ya pili ni kwamba anamtaja mwenyeji aliyemfumbua macho: Lawson, naibu wa gavana, aliyemwambia kuwa yeye humtazama kobe akajua ametoka kisiwa gani. Mtaalamu alijifunza kwa mkazi, na kalamu yake haikuona haya kusema hivyo.

Herman Melville wa Marekani alifuata njia nyingine. Alivijua visiwa hivyo akiwa baharia katika merikebu ya kuvulia nyangumi mwaka 1841, na mwaka 1854 akatoa masimulizi kumi yaitwayo The Encantadas. Kwake visiwa ni marundo ya majivu yaliyotupwa baharini, mahali pa adhabu pasipo majira. Hata hivyo Melville hadanganyiki na giza lake mwenyewe. Anamtazama kobe, mweusi juu na mwenye nuru chini, akamfanya mfano wa ulimwengu ambao mtu asiukane upande wake wowote. Kisha, bila kumwonea haya msomaji, anaeleza jinsi mabaharia walivyomla kobe huyo kwa furaha. Katika simulizi la nane anamleta Hunilla, mwanamke wa Peru aliyeachwa kisiwani baada ya mumewe na kaka yake kufa maji mbele ya macho yake. Hapo mwandishi anapunguza maneno, na mambo mengine anakataa kuyasema. Kimya hicho ni cha heshima. Kinamsitiri mwenye msiba.

Leo kazi ya kuviandika visiwa imeshikwa zaidi na vitabu vidogo vya matangazo ya safari za fahari. Visidharauliwe kwa kuwa ni vya biashara, maana wasomaji wake ni wengi. Mpango wake haubadiliki sana: mnyama asiyemkimbia mtu hutangulia, hufuata chumba chenye dirisha la baharini, kisha chakula, kisha mashua za mpira za kushukia pwani, na bei huja mwisho. Mengi katika hayo ni kweli. Meli hairuhusiwi kupita abiria 100, wageni hufuatana na kiongozi aliyefunzwa, na huamriwa wakae mbali na mnyama kwa mita mbili. Tangazo linalomfundisha tajiri kutazama bila kugusa limefanya jambo jema.

Kosa lake limo katika neno moja linalorudiwarudiwa, kwamba hapa ni mahali ambapo mkono wa mwanadamu haujapagusa. Wavuvi wa nyangumi na maharamia walichukua makobe zaidi ya 100,000, wakawarundika hai ndani ya merikebu kuwa akiba ya nyama. Mbuzi walioletwa na watu walikula majani hata visiwa vikawa vipara. Baada ya hifadhi ya taifa kuanzishwa mwaka 1959, mkono ulioharibu ulifuatwa na mkono uliotengeneza. Katika kisiwa cha Española walisalia makobe 14 tu, majike 12 na madume 2. Wakaondolewa, wakaongezewa dume mmoja kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, wakazalishwa kwa miongo kadhaa, na mwaka 2020 wazee wote 15 wakarudishwa kwao wakiwa wameacha uzao wa karibu 2,000. Mbuzi wa kaskazini ya Isabela waliondolewa kwa kazi iliyokwisha mwaka 2006. Basi uzuri anaouona abiria ni mavuno ya jasho. Anayeuita uzuri usioguswa amemnyima mfanyakazi ujira wa kutajwa, na amemfundisha msomaji kwamba uzuri hujitunza wenyewe.

Wenyeji pia hawaonekani. Watu zaidi ya 25,000 wanakaa katika visiwa vinne, juu ya sehemu ndogo sana ya nchi. Miongoni mwao wamo wavuvi, walimu, wapishi na mabaharia wa meli hizo hizo. Methali husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika tangazo mgeni amekuja, lakini mwenyeji hayumo hata apone.

Fasihi ya Kiswahili ina kipimo cha kufaa hapa. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa Carl Velten uliochapishwa mwaka 1901, Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia, alikofuatana na Mjerumani aliyeitwa Bumiller. Hakuwa mwenye safari, lakini kalamu ilikuwa yake, na ulimwengu wa wakubwa ukaonekana kutoka upande wa pili. Galápagos inangoja kitabu cha namna hiyo, kitakachoandikwa na mpishi wa meli au mtunza makobe. Kitakapotoka, huenda kikawa na fahari kidogo kuliko matangazo. Lakini msomaji atajua nani hufagia nyumba anayoisifu, na akijua hilo atakuwa radhi zaidi kulipa gharama ya kuitunza.