Pembetatu ya mawe

Nyumba za mtaa wa Ziwani zimejengwa juu ya miamba ya volkeno, kama ilivyo sehemu kubwa ya Nairobi. Jiwe lililo mezani kwa mzee mmoja wa hapa, mwanajiolojia mstaafu, limetoka mbali: Taita-Taveta, ndani ya Ukanda wa Msumbiji, jina lililotolewa na Arthur Holmes mwaka 1951. Ni mwamba geu. Ulikuwa tope, kisha ukazikwa, ukabanwa na kupikwa upya zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kazi ya mzee ni kubaini ni madini gani yalikomaa pamoja.

Anaanza kwa kutazama. Kipande kimesagwa juu ya kioo hadi unene wa milimita 0.03, mwanga ukapenya. Anapozungusha meza ya hadubini, biotiti hubadilika kutoka rangi ya majani makavu hadi kahawia nzito. Akipishanisha vichujio viwili vya mwanga, garneti huwa nyeusi tii na hubaki hivyo. Kianiti imelala kama vijiti vilivyopasukapasuka. Akishayaandika majina, hufuata mpaka wa kila chembe polepole, aone inagusana na ipi. Kuishi katika jiwe moja hakumtoshi. Anawatafuta wanaokula sinia moja.

Halafu hesabu. Kila oksidi huigawa kwa uzito wa molekuli yake: alumina 102, oksidi ya chuma 71.8, ya magnesi 40.3. Muskoviti na kwatzi zimejaa jiwe zima, kwa hiyo hazichorwi. Kwa kuwa muskoviti huchukua alumina tatu kwa kila potashi moja, anazidisha potashi kwa tatu na kuitoa kwenye alumina. Utaratibu huu uliwekwa na James B. Thompson mwaka 1957, baada ya michoro ya awali ya Mfini Pentti Eskola.

Sasa penseli ngumu na rula. Anachora pembetatu: alumina kileleni, chuma kushoto, magnesi kulia. Kianiti inakaa kileleni kabisa. Garneti ya chuma tupu ina sehemu tatu za chuma kwa moja ya alumina, basi hukaa robo ya njia kutoka msingi kwenda juu. Biotiti, potashi ikishatolewa, alumina yake huwa hasi. Nukta inaangukia nje, chini ya msingi. Mzee hashtuki. Anaiweka hukohuko nje, ndipo mahali pake.

Mistari ndiyo inayomchelewesha. Hauchori hata mmoja kabla ya kuona madini mawili yamegusana. Kijana wa chuo kikuu anayejifunza kwake ameunganisha garneti na kloriti, na mstari wake umekata ule wa kianiti na biotiti.

"Mwalimu, mbona imekataa?"

"Rudi kwenye hadubini, mwanangu."

Kijana anainama tena. Kloriti ipo kweli, ila imejibana ndani ya ufa wa garneti: iliingia baadaye, jiwe likipoa. Anaufuta mstari. Zinabaki garneti, biotiti na kianiti, pembetatu moja safi. Mistari inapokatana, ama madini hayakukua wakati mmoja, ama kuna kemikali iliyosahauliwa, ama jiwe lilikuwa katikati ya mageuzi, jozi moja ikiipisha nyingine.

Kanuni hiyo, kwamba kuna madini yasiyokua pamoja, haiishii kwenye karatasi. Huko Mangari, Taita-Taveta, kunachimbwa rubi. Rubi ni alumina isiyo na silika; kwenye joto na mgandamizo wa kina miamba hii ilikozikwa, ikikutana na silika ya ziada hugeuka kianiti au silimaniti. Kwa hiyo, wewe mwenye sururu, kabla hujavunja mwamba, tazama kwanza kama umejaa kwatzi. Ukiwa umejaa, rubi haimo.