Kitovu cha Shujaa: Wasomaji wa Katuni na Sinema ya Black Panther

Kila mwalimu aliyepata kufundisha uhakiki analijua swali ambalo wanafunzi hulitanguliza mbele ya mengine yote: je, sinema hii imekifuata kitabu? Swali hilo ni halali, lakini mara nyingi huulizwa bila kipimo. Katika makala haya nakusudia kulichunguza kwa kuitazama Black Panther, sinema ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Ryan Coogler. Nitasaidiwa na hadhira mbili ninazozifahamu: darasa langu la watu wazima wanaojifunza Kiswahili mjini Lilongwe, na kikundi cha usomaji katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa.

Tuanze na asili ya shujaa mwenyewe. T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda, alizaliwa katika kitabu cha katuni cha Fantastic Four, toleo la 52, mwaka 1966, kwa kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Tangu hapo amepita mikononi mwa waandishi na wachoraji wengi. Msomaji aliyemfuata kwa miaka huingia sinema akiwa na sura yake moyoni, na kila kinachopishana na sura hiyo hukihesabu kuwa kosa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa Lilongwe, kijana Mmalawi anayekusanya vitabu hivyo, ni msomaji wa namna hiyo. Lalamiko lake kubwa lilimhusu M'Baku. Katika katuni M'Baku alitokea mwaka 1969 kwa jina la Man-Ape, yaani mtu-nyani, adui wa mfalme aliyejifunika ngozi ya sokwe mweupe. Sinema imelifuta jina hilo. Imemfanya M'Baku kuwa kiongozi wa watu wa Jabari, mwenye ucheshi na heshima yake, na mwishoni anakuja na jeshi lake kumsaidia mfalme. Kijana aliona kwamba amenyang'anywa adui wake. "Mwalimu," alisema, "huyu siye M'Baku niliyemsoma."

Jibu langu nililitafuta katika fasihi yetu wenyewe. Habari za Fumo Liyongo zilisimuliwa pwani kwa karne nyingi kabla Muhammad Kijumwa hajazitungia utenzi mwaka 1913. Wasimulizi hutofautiana juu ya zama zake, juu ya chanzo cha ugomvi wake na mtawala, hata juu ya vituko alivyovifanya. Wasikilizaji huyastahimili hayo yote. Lakini msimulizi akithubutu kutuletea Liyongo asiyeuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, ataambiwa papo hapo kwamba huyo siye Liyongo. Sababu yake ni wazi. Maana ya hadithi imekaa hapo: nguvu isiyowezwa na mkuki huangushwa na usaliti wa damu.

Basi yafaa tuseme kwamba kila hadithi ya shujaa ina kitovu chake. Msanii anayeigeuza ana ruhusa pana katika mavazi, majina na matukio. Lakini akikigusa kitovu hana budi kutueleza kwa nini, kwa maana hapo ndipo shujaa anapoishi na ndipo anapofia.

Kwa kipimo hiki, jina la mtu-nyani halikuwa kitovu. Lilikuwa kovu la zama lililoachwa na watu waliomchora Mwafrika bila kumjua, na kulifuta si usaliti. Kitovu cha Wakanda ni kingine: ni nchi ya Kiafrika isiyopata kutawaliwa na wageni, iliyojaa mali na elimu, nayo imejificha. Swali linalozaliwa hapo ni moja: mwenye nguvu ana wajibu gani kwa jirani asiye nazo? Kijana wangu alikubali kwamba swali hilo limo katika sinema, tena limenolewa zaidi.

Dzaleka nilikuta matarajio ya namna nyingine. Wengi wa wanakikundi hawajapata kukishika kitabu cha katuni cha Kimarekani. Mashujaa hawa wamewajua kwa sauti, kupitia wale watafsiri wa sinema wa Afrika Mashariki wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya picha, kazi iliyompatia umaarufu Lufufu wa Tanzania. Hadhira hii haimdai shujaa mavazi, wala haina toleo la 52 la kumpimia. Inamdai neno lake.

Tulipoijadili sinema, mazungumzo yalisimama kwa W'Kabi, mkuu wa walinzi wa mpaka. Yeye humwonya mfalme kwamba kuwapokea wakimbizi ni kuyapokea matatizo yao pia, na kwamba Wakanda itakuwa kama nchi nyingine yoyote. Yafaa msomaji akumbuke mahali maneno hayo yaliposikilizwa. Dzaleka ilikuwa gereza katika utawala wa Banda, ikafanywa kambi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee kambini, na miongoni mwa waliokuwa wakinisikiliza walikuwamo walioacha maduka yao Lilongwe.

Mama mmoja kutoka Uvira aliuliza: "Mwalimu, mfalme alimjibu nini?"

Ilinibidi niitazame tena sehemu hiyo. W'Kabi anaendelea kusema kwamba angeafiki kama angetumwa yeye na watu wake kwenda kuusafisha ulimwengu, na mfalme anamjibu kwamba vita si desturi ya Wakanda. Amejibu habari ya vita. Habari ya wakimbizi hakuijibu. Mwishoni anafungua kituo Oakland, Marekani, mahali alipoachwa Killmonger akiwa mtoto, kisha anauahidi Umoja wa Mataifa kwamba Wakanda itashiriki maarifa yake na ulimwengu. Hayo ni mema. Lakini pale mpakani, alipokuwa akilinda W'Kabi, hatuonyeshwi hata mtu mmoja akipokewa.

Naona kwamba mama yule aliihakiki sinema hii kwa haki kuliko wengi wanaohesabu tofauti zake na katuni. Kasoro yake haiko katika kuacha kitabu. Iko katika kuuliza swali zito, kisha kulijibu mbali na mlango ulipobishwa.

Nami nina kosa la kukiri. Wakanda imewekwa Afrika Mashariki, lakini watu wake husema Kixhosa. Lugha hiyo iliingia mwaka 2016 katika Captain America: Civil War kupitia mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini. Kama mwalimu wa Kiswahili niliumia, na nililifundisha darasa zima nikinung'unikia jambo hilo, huku nikijifariji kwa neno Jabari ambalo kila Mswahili analielewa. Nilipokipima kilio changu kwa kipimo nilichomwekea yule kijana, niliona kwamba nami nilikuwa nikidai mavazi.

Kwa walimu wenzangu napendekeza zoezi dogo. Wanafunzi wasiorodheshe tofauti za kitabu na sinema kwanza. Wataje kitovu cha hadithi kwa sentensi moja, kisha waonyeshe ni badiliko gani limekigusa na lipi limekipitia mbali. Baada ya hapo waandike kwa Kiswahili fasaha jibu ambalo T'Challa alistahili kumpa W'Kabi. Nililitoa zoezi hili katika madarasa yote mawili. Kijana wa Lilongwe aliandika kurasa nne, na katika kurasa hizo hakumtaja M'Baku hata mara moja.